Ukili wa Mkono wa Mwingine

Kipungani iko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, kijiji cha wavuvi na miembe, ng'ambo ya mkondo unaokitenga kisiwa na bara. Anayetoka mjini Amu hupanda mashua akapita kando ya mikoko, au huamua kutembea. Jina la kijiji limevuka maji kwa kazi ya wanawake wake: mikeka, vikapu na kofia za kusuka. Wageni huzinunua zikiwa zimekwisha, kwa hiyo wengi wao hawajapata kuona zinavyoanza.

Mkeka hausukwi mzima mzima. Majani ya mkindu huanikwa, huchanwa kwa upana mmoja, mengine hutiwa rangi. Kisha husukwa ukili, ukanda mwembamba unaorefuka kidogo kidogo barazani huku msukaji akizungumza na jirani au akimwangalia mjukuu. Ukishatosha ndipo unaposhonwa, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka upatikane. Anayeshona si lazima awe ndiye aliyesuka. Ukili unaweza kuwa wa mama mkwe, wa jirani, au wa kununua. Sharti ni kwamba upana ulingane na hesabu ya majani ilingane. Ukili wa majani kumi na moja haupatani na wa kumi na matatu. Mshono huvuta, na mkeka hukunjamana siku ya kwanza unapotandikwa.

Waandishi wa programu za kompyuta waliufikia utaratibu huo katikati ya karne ya 20, na mpaka leo wanahangaika na sharti lile lile la kulingana. Programu ya benki, ya hospitali, ya kukatia tiketi ya basi la Mombasa, zote zimeshonwa kwa vipande vilivyoandikwa na watu ambao mshonaji hatakutana nao maishani. Vipande hivyo ni vifurushi. Kule kuvihitaji ndiko kunakoitwa utegemezi, na kuviweka hadharani ili wengine wavichukue ndiko kuchapisha. Afrika Mashariki imekuwa mchukuaji kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa mtoaji. Sababu zake ziko katika historia, tena nyingi hazina uhusiano na akili za watu.

Kabati la kwanza la vipande kama hivyo lilikuwa Cambridge, Uingereza. Mashine ya EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, na muda si muda Maurice Wilkes na wenzake wakaiona kero. Kila aliyeleta swali lake alikuwa akiandika upya maelekezo yale yale ya kugawanya, ya kutafuta kipeuo cha pili, ya kupiga chapa majibu. Na kila aliyeandika upya alikosea upya. David Wheeler, wakati huo mwanafunzi, alibuni njia ya programu kuruka hadi kwenye kipande kilichokwisha kuandikwa, kisha kurudi pale pale ilipoachia. Vipande vilitobolewa kwenye utepe wa karatasi na kuwekwa kabatini, kila kimoja na lebo yake. Mtumiaji alichukua utepe, akaunakili kwa mashine kwenye utepe wa programu yake, akaurudisha. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu kilichoieleza maktaba hiyo, ambayo tayari ilikuwa na vipande 87.

Karibu kila kilichokuja baadaye kilikuwamo katika kabati lile: jina, lebo ya matumizi, nakala mama isiyochezewa, na mtu wa kuitunza. Kilichokuwa hakijatatuliwa ni umbali.

Wamarekani walijaribu kuushinda umbali kwa posta. Mwaka 1955 makampuni yaliyonunua mashine ya IBM 704, mengi yakiwa ya kutengeneza ndege kusini mwa California, yaliunda jumuiya ya SHARE na kuanza kupeana programu kwa kadi na kanda. Walikuwa washindani sokoni, lakini kwenye msimbo walikula sahani moja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha za kulipia kazi ile ile mara tano.

Huku kwetu kompyuta iliingia miaka ya 1960 ikiwa mzigo uliofungwa. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 ya Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ile husimuliwa leo kama kichekesho, na kweli iliwachelewesha watu. Hata hivyo wasiwasi ulioizaa haukuwa wa kipuuzi: nchi yenye fedha chache za kigeni ilikuwa inategemea vitu ambavyo hakuna mwananchi aliyekuwa na funguo zake. Kilichokosewa ni dawa. Kabati la Cambridge lilikuwa wazi kwa kila aliyeingia chumbani, na hilo la kuingia chumbani ndilo lililokuwa limekosekana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Mlango ulifunguka kwa intaneti. Mwaka 1995 wapenzi wa lugha ya Perl, iliyobuniwa na Larry Wall mwaka 1987, walizindua CPAN, ghala moja la vifurushi vyote vya lugha hiyo. Seva mama ilikuwa Finland, na aliyeisimamia alikuwa Jarkko Hietaniemi. Wazo lenyewe waliliazima kwa jamaa wa TeX, chombo cha kupangia maandishi, waliokuwa na ghala lao tangu mapema katika muongo huo. Yeyote aliruhusiwa kuleta kifurushi, na seva za nchi nyingine zilinakili ghala zima ili watu wachote karibu na kwao.

Upande mwingine palikuwa na Debian, mfumo wa Linux uliotangazwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Ndani ya kila kifurushi cha Debian mna faili dogo la maelezo linalosomeka na binadamu: jina la kifurushi, toleo, mtunzaji, halafu mstari unaotaja vifurushi vingine vinavyohitajika ili hiki kifanye kazi. Mstari huo mmoja ndio uliobadilisha kazi. Zamani mtu alisakinisha programu, ikagoma na kudai kitu fulani. Akakitafuta kile, nacho kikadai kingine, mpaka usiku ukaisha. Chombo cha apt, kilichotoka rasmi na Debian 2.1 mwezi Machi 1999, kilifuata mnyororo mzima chenyewe, kikaleta vyote kwa mpangilio unaofaa.

Kenya nayo iliunganishwa na intaneti mwaka 1995, ule ule wa CPAN, lakini kwa satelaiti, na satelaiti ilikuwa ghali. Tena njia ilikuwa ya mzunguko. Barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya barabara ya pili, kama ofisi hizo zilikuwa na watoa huduma tofauti, ilipanda angani, ikaenda Ulaya au Marekani, ikarudi. Watoa huduma walipoungana na kuanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000, Telkom Kenya ililalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa, na tume ya mawasiliano ikakifunga baada ya wiki chache tu. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Katika hali hiyo, amri ya apt iliyochukua dakika chache Helsinki ingeweza kumkeshesha mtu Nairobi. Hakuna haja ya kuuliza kwa nini majina ya Kiafrika ni haba katika orodha za watunzaji wa vifurushi za miaka hiyo. Kuchapisha hutanguliwa na kutumia, na kutumia kulikuwa anasa.

Msaada ulikuja kwa bahasha. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, alitoa toleo la kwanza la Ubuntu Oktoba 2004, mfumo uliojengwa juu ya vifurushi vya Debian. Kampuni yake ikaanza kuposti santuri za Ubuntu bure kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, mpango uliodumu hadi Aprili 2011. Mwanafunzi alijaza anwani ya sanduku la posta la shule au chuo, akasubiri wiki kadhaa, akapokea mfumo mzima na programu zake za kazi. Santuri ikazunguka bweni zima. Ni njia ya mzunguko, ya kizamani kidogo hata kwa wakati wake, lakini ilifika mahali ambapo mawimbi hayakufika.

Miaka hiyo hiyo ndipo Kiswahili chenyewe kilipoingia ghalani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na Waswidi, ulitafsiri programu za ofisi na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Karibu na wakati huo Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, aliandaa faharasa ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili. Faharasa hiyo haikuishia kwenye kabati la chuo. Ilipewa leseni huria, ikaingizwa katika mkusanyo wa kamusi za OpenOffice na mrithi wake LibreOffice, na kwa njia hiyo ikafika Debian, ambako kifurushi chake kinaitwa hunspell-sw. Mtumiaji wa Linux aliyepo Muscat, Minneapolis au Lubumbashi huandika jina hilo mbele ya amri ya apt, na kompyuta inaanza kupigia mstari mwekundu makosa yake ya Kiswahili. Kichekesho kidogo: folda ya kazi hiyo ya Mkenya imeandikwa sw_TZ, kana kwamba ni mali ya Tanzania. Wanaojua utani wa majirani hawa wawili watajua wenyewe wa kumcheka.

Kisha ukaja mwaka 2009, na kebo za chini ya bahari. SEACOM iliwashwa Julai. TEAMS, kebo iliyotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika Mombasa mwezi Juni na kuanza kazi baadaye mwaka huo. EASSy ikafuata mwaka 2010. Njia ya TEAMS ni ile ile ya majahazi ya kaskazi, kutoka Ghuba kushuka kusini, isipokuwa jahazi lilikuwa likitia nanga Lamu, nayo kebo ilipita katika bahari ya nje ya visiwa vya Lamu bila kutua. Kituo kilikuwa Mombasa, na Mombasa yenyewe ikawa mlango tu wa Nairobi. Ukumbi wa iHub ulifunguliwa Nairobi Machi 2010, vijana wakajaa na kompyuta zao za mapajani.

Walikuta dunia ya vifurushi imefurika. Python ilikuwa na ghala lake tangu mwaka 2003, Ruby tangu 2004, na Januari 2010 Isaac Schlueter alikuwa ametoa npm, ghala la JavaScript lililokuja kuwa kubwa kuliko yote. PHP ikapata Composer mwaka 2012. Mambo yaliyokuwa ya wasimamizi wa seva yakawa ya kila mwanagenzi: andika amri moja, vifurushi mia vinashuka.

Faida na hatari ya hali hiyo zinaonekana vizuri katika Ushahidi, jukwaa mashuhuri lenye asili ya Kenya. Lilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, kwa mikono ya Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ili wananchi watume taarifa za vurugu na zionekane kwenye ramani. Lilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 na baadaye katika nchi nyingi. Kusambaa namna hiyo kusingekuwa rahisi kama wangeanza na msingi mtupu. Jukwaa lililosambaa lilijengwa juu ya Kohana, kiunzi cha PHP kilichotunzwa na watu wa kujitolea, ambacho nacho kilichipuka mwaka 2007 kutoka kiunzi kingine, CodeIgniter. Kohana ilikuwa nyepesi na ilipendeza. Lakini waliojitolea huchoka, huoa, huajiriwa kwingine. Mwaka 2017 Kohana ikatangazwa kuwa imefikia mwisho. Jukwaa lililokuwa linafuatilia chaguzi na majanga likajikuta limesimama juu ya msingi usio na mwenyewe, na wahandisi wake wakalazimika kulihamishia katika familia ya Laravel. Kazi ya namna hiyo haina uzinduzi wala picha gazetini. Huchukua miezi, na ikifanikiwa mtumiaji haoni tofauti yoyote.

Yaliyoipata Kohana yalikuja polepole. Ya left-pad yalikuja ghafla.

Left-pad kilikuwa kifurushi cha npm chenye mistari 11. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa neno mpaka urefu unaotakiwa utimie, ili 7 iwe 007. Mwanagenzi wa wiki ya tatu angeweza kuiandika. Mwandishi wake, Azer Koçulu, alikuwa na kifurushi kingine kiitwacho kik, na kampuni ya ujumbe ya Kanada yenye jina hilo ikalidai. Npm ikaipa kampuni jina. Koçulu, kwa hasira, akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250, tarehe 22 Machi 2016. Kumbe left-pad kilitumiwa na vifurushi vilivyotumiwa na vifurushi vilivyotumiwa na Babel, chombo kilichotegemewa na karibu kila kampuni ya wavuti. Kazi zikaanguka duniani kote na watu wakakodoa macho kwenye jina ambalo hawakuwahi kulisikia. Baada ya kama saa mbili npm ikakirudisha kifurushi kwa nguvu, jambo ambalo halikuwahi kufanywa, kisha ikabadili kanuni: kinachotegemewa na wengine hakiondolewi tena kiholela.

Wengi walilaumu uvivu wa waandishi wa programu, eti wameshindwa kuandika hata mistari 11. Lawama hiyo haikugusa penye uzito. Hakuna aliyekaa akachagua left-pad. Kiliingia kupitia mlango wa tatu au wa nne. Swali lenye uzito lilikuwa la haki: mtu akishatoa kitu bure, na umma ukakijengea nyumba juu yake, bado ni chake? Npm ilijibu kwa vitendo kwamba si chake kabisa. Koçulu alikuwa na jibu lake, na hakukosa watu wa kumuunga mkono.

Njia za kujihami ziliboreka. Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alikuwa ameandika utaratibu wa kuhesabu matoleo kwa namba tatu, kama 2.4.1. Ya mwisho hupanda kosa linaporekebishwa, ya kati kunapoongezwa kitu kipya kisichovunja cha zamani, na ya kwanza pale anayetegemea anapopaswa kukaa chonjo kwa kuwa kuna kilichovunjwa. Ni ahadi ya kiungwana tu. Hakuna polisi wa kuisimamia, na huvunjwa kila siku. Ndiyo maana yakaja mafaili ya kufuli, yanayoandika kila kifurushi kwa toleo lake kamili na alama yake ya kidijitali, ili kilichofanya kazi Jumatatu kifanye kazi Ijumaa. Npm yenyewe iliweka faili hilo mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya mkasa. Kutafuta mchanganyiko wa matoleo yanayopatana nako kumethibitishwa kuwa miongoni mwa maswali magumu kabisa ya sayansi ya kompyuta, kwa hiyo anayesubiri chombo kikikuna kichwa asidhani intaneti peke yake ndiyo ya kulaumiwa.

Na uchapishaji wa huku? Ulianzia kwenye fedha na ujumbe, kama ilivyotarajiwa. Africa's Talking, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010 kuunganisha programu na huduma za simu, ilichapisha vifurushi rasmi katika npm, katika ghala la Python na la PHP, ili mtu atume SMS kwa mistari michache. Safaricom ilipofungua mlango wake wa Daraja kwa waandishi wa programu mwaka 2017, vifurushi vya M-Pesa vilichipuka kama uyoga baada ya masika, vingi vikiwa kazi ya mtu mmoja aliyeteseka na nyaraka akaamua mwenzake asiteseke. Atafutaye neno mpesa katika ghala lolote leo atapata rundo. Atakachokuta akilichambua ni kwamba vingi viliguswa mara ya mwisho miaka kadhaa iliyopita. Kuna sababu. Mwandishi alikihitaji kwa mteja mmoja, mteja akalipa, kifurushi kikabaki yatima huku watu wakiendelea kukipakua. Kampuni zinazopitisha malipo yao humo kila siku hazijiulizi nani anakitunza, na kwa hili hazina tofauti na zile za Ulaya.

Wakati mwingine mchango hukaa ndani ya kifurushi cha wengine. Moment.js, kilichotumika miaka mingi kuonyesha tarehe kwenye kurasa za wavuti, kina faili la Kiswahili. Ukilifungua unakuta maneno ya nyumbani katikati ya msimbo: leo saa, kesho saa, jana, hivi punde. Ni mistari michache tu, na imezisemesha Kiswahili tovuti nyingi ambazo wenyewe hawajui iliandikwa na nani. Faili hilo hata hivyo linahesabu saa kwa mtindo wa kizungu. Mvuvi wa Kipungani akiambiwa saa nane mchana anajua jua liko wapi. Kompyuta inaweza kumwambia leo saa 02:00, naye akajiuliza ni usiku wa manane au ni saa mbili asubuhi. Kuondoa tofauti ya saa sita si hesabu ngumu. Ila watunzaji wa Moment walitangaza Septemba 2020 kwamba hawataongeza mambo mapya, wakawashauri watu wahamie vifurushi vingine, na maneno yale ya Kiswahili yamebaki humo yakiwa salama na bila wa kuyaendeleza.

Juhudi mpya zipo. Lugha ya Nuru, iliyoandikwa kwa lugha ya Go na vijana wa Kitanzania, inamwezesha mtu kuandika programu kwa Kiswahili tupu: masharti ni kama na sivyo, na kifurushi huitwa kwa neno tumia. Mwaka 2023, mwezi Novemba, mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, ukiwakutanisha watumiaji wa Django, kiunzi kikubwa cha Python. Watu waliojuana kwa majina ya mtandaoni walikaa chumba kimoja, na hilo lina maana kubwa katika kazi hii kuliko linavyoonekana.

Maana yake ilidhihirika mwaka uliofuata. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza alichokuwa amekigundua: kuingia kwenye mashine zake kulikuwa kukichelewa kwa karibu nusu sekunde. Mwingine angepuuza. Yeye alichimba, akakuta matoleo mawili ya xz, kifurushi cha kubana data kilichomo karibu katika kila mfumo wa Linux, yametiwa mlango wa siri. Mtunzaji wa miaka mingi, Lasse Collin wa Finland, alikuwa peke yake na amechoka, na alikuwa amesema hivyo hadharani. Aliyejiita Jia Tan alikuja kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Mpaka leo haijajulikana hadharani Jia Tan ni nani. Ghala zima la dunia lilinusurika kwa sababu ya mtu mmoja mwenye tabia ya kupima mambo.

Wiki sita baadaye, tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ndipo thamani ya nakala za karibu huonekana. Mtandao wa vyuo wa Kenya, KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, umekuwa ukihifadhi nchini nakala za maghala ya Linux, na aliyeelekeza apt huko hana haja ya kuvuka bahari kwa kila kifurushi. Ni wazo lile lile la CPAN la mwaka 1995. Maghala ya npm na Python hayana desturi hiyo ya nakala za hadharani kwa kiwango kile, na hapo ndipo eneo hili lilipo uchi zaidi.

Vifaa vya kuanzia si anasa tena kama zamani. Kijana wa Kipungani mwenye simu ya Android anaweza kusakinisha Termux, programu inayoleta ndani ya simu apt ile ile ya Debian, na akawa na Python kabla kahawa haijapoa, mradi mawimbi yapo. Kuhusu cha kuchangia, asianze na kifurushi kingine cha M-Pesa. Faharasa ya hunspell-sw imeshapita miaka mingi. Tangu iandikwe Kiswahili kimepata msamiati wote wa malipo ya simu, wa mitandao ya kijamii na wa mabunge ya kaunti. Leseni yake inaruhusu kuongezewa, na faili lenyewe ni la maandishi matupu, neno moja kila mstari. Walimu wa Kiswahili, wahariri na wanafunzi wa vyuo vya pwani wanaweza kuanza nalo wiki hii, bila kumwomba mtu ruhusa.